UVIRA SI MBALI NA MTAA WA KONGO

*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama, Kariakoo, Jumamosi 20 Desemba 2025. Tumeyaandika kwa ajili ya wote, hasa mliokuwa dukani mkashindwa kufika. Ujumbe ni mrefu. Usomeni mkipata nafasi, na tafadhali msiukate vipande kuusambaza.*

Ndugu wanachama,

    

Tunajua tumewaita wakati mbaya. Zimebaki siku tano kufika Krismasi, na mwenye frem Kariakoo akifunga saa mbili mchana wa Desemba anajua amepoteza nini. Kwa hiyo ahsanteni mliokuja. Tulitaka kusubiri Januari, lakini mambo yaliyoandikwa kwenye kundi letu kuanzia tarehe 10 mwezi huu hayakutupa nafasi ya kusubiri.

Tarehe hiyo ndipo zilipoanza kuingia klipu za Uvira. Hatutazieleza. Wengine mmezifuta, wengine mnazo bado kwenye simu na watoto wenu wanazichezea. Baada ya klipu yakaja maneno. Wako waliosema Tanzania ipeleke jeshi ikamalize kazi, kama tulivyomaliza kwa Amin. Wako waliosema hayo ni ya Wakongo, tuuze vitenge vyetu. Na usiku wa tarehe 11 mwenzetu mmoja akaandika kwamba Wanyarwanda walioko mitaa ya Kariakoo watajwe majina na frem zao, "ili wajulikane". Admini alifuta ujumbe ule baada ya dakika chache, ila ulikuwa umeshasomwa na watu zaidi ya mia moja. Kamati ya tawi ilikaa kesho yake. Tulikubaliana kwamba kufuta peke yake hakutoshi, na kwamba jambo hili lizungumzwe ana kwa ana.

Tuanze na lililo karibu. Mwanachama wetu mmoja wa Mtaa wa Kongo, wengi mnamfahamu na ametupa ruhusa tueleze bila kumtaja, alimtumia mteja wake wa Uvira mzigo wa sikukuu mwishoni mwa Novemba. Viatu vya watoto, magauni, mashati. Thamani yake milioni 18. Mteja alilipa milioni 7, zilizobaki ni mali kauli, kama walivyofanya kwa miaka tisa bila tatizo. Mzigo ulikwenda hadi Kigoma usubiri boti. Uvira ikaingiwa. Mteja akavuka mpaka kwenda Burundi na watoto wanne na begi moja. Ujumbe wake wa mwisho wa sauti tumeusikiliza pamoja ofisini. Hasemi neno kuhusu mzigo. Anaomba radhi kwa deni. Mzigo umelala kwenye stoo Kigoma na kila siku stoo inahesabu.

Sisi ofisi ya katibu tumesomea uhasibu, si siasa ya dunia. Katika vitabu vyetu deni la namna hii linaandikwa kuwa deni lenye shaka, na mwaka ukifungwa bila kulipwa linakuwa deni bovu. Hakuna safu ya kuandika kwamba deni limeharibika kwa sababu mkataba uliosainiwa Washington haukuheshimiwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu ya kuwaita.

Ndugu zetu mnaosema hayo ni ya Wakongo, tazameni anwani zenu. Jina la Kariakoo limetoka kwa kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho Waingereza walikiweka hapa walipoichukua Dar es Salaam mwaka 1916 kutoka kwa Wajerumani. Wale walikuwa watu wa bara na pwani waliobebeshwa risasi na unga katika vita ya wazungu wawili. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa na njaa. Sanamu ya Askari pale Posta ipo tangu 1927 kuwakumbuka waliopigana pamoja na wapagazi. Wapagazi wamebaki pia na jina la soko, na hata hilo wengi wetu tunadhani ni jina tu. Mtaa wa Lumumba mnaupita kila siku. Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961, Kongo ikiwa na miezi sita na nusu ya uhuru, kwa sababu wakubwa wa dunia walikuwa wanagombania nani akae karibu na madini yale. Huo mtaa na Mtaa wa Kongo vinapakana na maisha yetu kuliko tunavyokiri.

Sasa tueleze mwaka huu ulivyokwenda, kwa sababu kwenye kundi kila mtu ana tarehe zake.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kwamba Rwanda inawasaidia. Kigali inakanusha, na inasema tatizo lake ni FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, ambalo limejificha Kongo miaka yote hii. Askari wetu walikuwa huko, katika jeshi la SADC pamoja na la Afrika Kusini na Malawi. JWTZ ilitutangazia vifo vya vijana wawili. Afrika Kusini ilizika wengi zaidi.

Tarehe 8 Februari wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za SADC wakakutana kwa pamoja. Wapi? Magogoni, Ikulu, ndani ya wilaya yetu hii ya Ilala. Rais Samia alikuwa mwenyeji, Ruto na Mnangagwa wakaongoza kikao. Kagame alikuja mwenyewe, Tshisekedi akashiriki kwa njia ya video. Walikubaliana mapigano yasimame mara moja bila masharti, uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano, na mazungumzo ya Luanda na ya Nairobi yaunganishwe yawe kitu kimoja. Tuliona fahari, na hatukukosea. Ilikuwa meza yetu.

Wiki moja baadaye Bukavu ikachukuliwa.

Tunalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaotaka tulifunike. Meza ya Magogoni iliandika maneno mazuri, na waliokuwa na bunduki hawakuyasoma. Machi 13 SADC ikafuta jukumu la jeshi lake, na baadaye askari wakaondoka kwa barabara wakipitia ardhi ya Rwanda. Fikirini hilo kidogo. Machi 18 Kongo na M23 walitakiwa kukutana Luanda. M23 wakajitoa siku moja kabla, wakilalamikia vikwazo vya Ulaya. Na siku hiyo hiyo ya Machi 18 dunia ikasikia kwamba Kagame na Tshisekedi wameonana Doha, kwa Amiri wa Qatar. Viongozi wetu walikuwa wanawaita kwa miezi. Qatar ikawapata kimya kimya. Kabla mwezi haujaisha Angola ikasema inaachia usuluhishi.

Kutoka hapo meza ikawa mbili na zote ziko mbali. Washington kwa ajili ya Kongo na Rwanda, Doha kwa ajili ya Kongo na M23. Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje wakasaini Washington. Julai 19 Doha ikatoa tamko la misingi, na Novemba 15 mkataba wa mfumo. Desemba 4 marais wenyewe wakasaini Washington mbele ya Trump, na siku hiyo hiyo Marekani ikasaini na Kongo ubia wa uchumi ambao madini yamo ndani yake. Haikupita wiki, Uvira ikaingiwa. Wiki hii M23 wametangaza kwamba wataondoka mjini kwa kuombwa na Marekani. Mteja wa mwenzetu bado yuko Burundi, na anasema harudi kwa tangazo.

Mtaona basi kwamba meza ya mkubwa wa dunia imepata aibu ile ile ya meza ya Magogoni, na kwa siku chache zaidi. Hatusemi ili tufurahi. Tunasema kwa sababu kuna mwanachama aliandika, "Afrika hatuwezi, ngoja wenye nguvu wamalize." Wenye nguvu wamejaribu.

Kwa nini meza ilihama? Hapa inabidi tuseme kidogo kuhusu dunia inavyogeuka, na hatuhitaji kwenda mbali. Tembea mwenyewe asubuhi moja. Stesheni ya SGR ilijengwa na kampuni ya Uturuki. Ukishuka bandarini, gati kubwa zinaendeshwa na DP World ya Dubai, na kitengo cha makontena cha pili kimekwenda kwa Adani wa India na wenzake. Ukifika Kariakoo mzigo ni wa Guangzhou na Yiwu. Umeme wa Bwawa la Nyerere ulijengwa na Wamisri. Miaka arobaini iliyopita mtu angekwambia dunia ni ya wawili, Mmarekani na Mrusi. Ukaja wakati wa mmoja. Sasa ni wengi, na kila mmoja ana mkoba wake.

Qatar haikuwapata wale marais kwa tabasamu. Shirika lake la ndege limeingia ubia kwenye uwanja mpya wa Bugesera kule Rwanda, na Kongo nayo inatazamia fedha zake. Marekani nayo haikuamka siku moja ikaionea huruma Goma. Mwaka 2016 kampuni ya Kimarekani iliuza mgodi wa Tenke Fungurume kwa Wachina, na leo kobalti ya Kongo, ile inayoingia kwenye betri za simu na magari, sehemu kubwa iko mikononi mwa kampuni za Kichina. Washington inataka kurudi. Ukitaka kurudi kwenye duka ambalo jirani ameshakodi frem zote, unaanza kwa kujifanya msuluhishi wa ugomvi wa mwenye nyumba.

Na hapo ndipo Ilala inapoingia. Shaba na kobalti ya Katanga inafika bandari yetu kwa malori kupitia Kasumbalesa na Tunduma. Yale malori mnayoyalalamikia Barabara ya Mandela ndiyo hayo. Nguo na viatu vyenu vinarudi nayo. Marekani na Ulaya wanasaidia reli ya kwenda upande wa pili, hadi Lobito, Angola, ili madini yatokee Atlantiki. Upande wetu kuna TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, na kuna SGR inayoelekezwa Burundi kwa matumaini ya kuvuka hadi Kongo. Kwa hiyo anayekaa kwenye meza ya amani ya Kongo ndiye atakayetia neno kuhusu mzigo utokee wapi. Katika mkataba wa Washington kuna sura ya ushirikiano wa kiuchumi. Tuulize nani alisema kwa niaba ya Dar es Salaam ilipoandikwa.

Hatuwaambii tuwachukie Wamarekani, wala tuwashangilie Wachina. Wazee wetu walikataa kuchagua ubwana. Ujerumani Magharibi ilipotukatia misaada kwa sababu ya ofisi ya Wajerumani Mashariki, Mwalimu aliwaambia wachukue na iliyobaki. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, tukapoteza mkopo wa pauni milioni saba na nusu. Ilikuwa fedha nyingi kwa nchi ya miaka minne. Lakini bei ilijulikana kabla ya kununua, na hicho ndicho tunachotaka viongozi wetu wakifanye leo: watuambie bei.

Sasa turudi kwa wanaosema jeshi liende.

Vita ya Kagera haikuwa kosa. Amin aliingia Oktoba 30, 1978, akaua watu wetu, akatangaza kuwa ardhi ni yake. Kabla ya hapo mazungumzo yalikuwepo. Makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba 1972 yaliyarudisha majeshi kilomita kumi kutoka mpakani, na yalitupa miaka sita. Mtu anayesema mazungumzo hayana maana ahesabu miaka sita ina watoto wangapi waliosoma. Alipovuka mpaka, hakukuwa na la kuzungumza, na Mwalimu alisema uwezo, sababu na nia tunavyo. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Hiyo ni safu ya mapato.

Safu ya matumizi wengi hawaijui kwa sababu walizaliwa baadaye. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Katibu wenu alizaliwa ndani ya mikanda hiyo, na haikufunguliwa alipoanza shule. Mama zetu walipanga foleni ya sabuni ya kipande na sukari ya kupimiwa. Nchi nyingine hazikutulipa vita ile, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukutaka hata kumlaani mvamizi. Mwezi uliopita mzee wetu mmoja wa tawi, aliyekwenda hadi Kampala, tulimchangia dawa. Mliochanga mnajua. Hesabu ya vita ile bado haijafungwa.

Na Kongo tumeshapigana na tukashinda. Machi 2013 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio namba 2098, ikaundwa brigedi ya kushambulia, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya kamanda Mtanzania. Novemba mwaka huo M23 wakashindwa kabisa. Desemba wakasaini hati Nairobi. Kisha? Wapiganaji wakakaa kambini Uganda na Rwanda, ahadi za kuwarudisha na kuwapokea zikasuasua, kila upande ukamlaumu mwenzake, na mwisho wa 2021 bunduki zikaanza tena. Watu wale wale, kwa jina lile lile. Katikati ya miaka hiyo, Desemba 7, 2017, vijana wetu waliuawa usiku mmoja kule Semuliki na kundi jingine kabisa, ADF. Taarifa za mwanzo zilitaja 14.

Kwenye mkutano wa Jumamosi alikuwepo mama mmoja mwanachama wetu ambaye mwanawe alikuwa Goma Januari. Siku tisa simu haikupatikana. Hakuomba kuzungumza, tulimwomba sisi. Alisimama akasema: "Mkisema jeshi liende, semeni na mtoto wa nani." Akakaa. Ukumbi ulikuwa na watu wengi wenye maoni, na kwa muda hakuna aliyenyoosha mkono.

Lakini tusidanganyane upande wa pili pia. Mazungumzo nayo yana makaburi yake. Mkataba wa Arusha wa Rwanda ulisainiwa Agosti 4, 1993. Aprili 6, 1994 Rais Habyarimana alikuwa hapa Dar es Salaam kwenye kikao cha kusukuma utekelezaji wake. Jioni akapanda ndege kurudi, pamoja na Rais Ntaryamira wa Burundi, na ndege ikatunguliwa Kigali. Usiku ule mauaji yakaanza. Mwisho wa mwezi watu karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu katika muda wa siku moja. Sahihi zilikuwepo zote. Waliokuwa wanapanga kuua walikuwa wanapanga huku wenzao wakisaini, na dunia ikapunguza askari wake badala ya kuongeza.

Mfano wa Burundi tunaupenda zaidi ingawa haukuwa wa haraka. Mwalimu aliubeba tangu 1996, akafariki Oktoba 1999 ukiwa haujaiva, Mandela akaupokea, ukasainiwa Arusha Agosti 28, 2000, na hata hapo makundi makubwa ya silaha hayakuwemo. Ilibidi kurudi mezani tena na tena miaka iliyofuata. Hakukuwa na siku ya picha moja kubwa. Kulikuwa na watu waliokaa Arusha wakila ugali wa hoteli miezi kwa miezi, wakigombana kuhusu asilimia za jeshi. Pesa ya hoteli ile wapo walioilalamikia wakati ule. Wahasibu tunaielewa hoja yao, lakini mkitaka kujua nafuu ni ipi, linganisheni na kambi za wakimbizi Kigoma. Nyarugusu ipo tangu 1996. Ina watu wazima waliozaliwa humo.

Ndiyo maana kamati haikubali neno lililoandikwa kwamba diplomasia ni woga. Kilichokosekana Magogoni Februari, na Washington Desemba, ni mtu wa kubaki mezani kesho yake asubuhi, mwenye uwezo wa kumbana aliyevunja ahadi. Jirani ana sababu ya kubaki, maana hana pa kuhamia. Mwenye mkoba ana uwezo wa kubana. Mwaka huu hatujawaona wawili hao wakikaa pamoja. Afrika ina jopo lake la wastaafu, Kenyatta, Obasanjo na wenzao, na Muungano wa Afrika umewapa jukumu, lakini Washington na Doha wamekwenda bila kuwasubiri. Tunataka Tanzania ipiganie kiti hicho, kwa sauti, hata kama hatuna ndege za Qatar.

Kuna jambo moja tutalitaja kwa ufupi. Oktoba 29 na siku zilizofuata, sisi wa Dar es Salaam tulijua maana ya amri ya kutotoka nje, intaneti kuzimwa na maduka kufungwa. Watu walikufa. Msiba ule una mahali pake na tawi litauzungumza kwa utaratibu wake, si leo. Tumeutaja kwa sababu baada ya siku zile hatukutegemea kuona mwanachama wetu akitaka majina ya majirani yaorodheshwe. Kongo ilianza hivyo. Kwanza ilikuwa nani ni raia, nani ni Mnyamulenge, nani ametoka Rwanda babu yake. Hapa Kariakoo kuna Wanyarwanda, Warundi, Wakongo wa makabila yote, na wengi wao walikimbia vita hiyo hiyo. Mwenye frem asiye na leseni aulizwe leseni, awe wa wapi. Kabila lake hatuulizi.

Yaliyokubaliwa Jumamosi baada ya majadiliano, na kwa kura pale ilipolazimu:

Tawi halitatoa tamko la kutaka jeshi liende Kongo. Wajumbe tisa walilitaka, wameheshimiwa na maoni yao yameandikwa kwenye muhtasari. Klipu za maiti na za watu wanaoteswa hazitatumwa kwenye kundi. Atakayetuma ataondolewa mwezi mmoja, awe nani. Mwandishi wa ujumbe wa tarehe 11 alisimama mwenyewe akaomba radhi. Tumepokea, na tunaomba asisimangwe mitaani.

Tutaandika barua kwa uongozi wa kata iende wilayani, yenye maswali mawili. Je, serikali yetu imeomba nafasi gani katika mazungumzo ya Doha na Washington, hasa sura ya uchumi? Na wafanyabiashara wadogo wanaopeleka mzigo Kongo kupitia Kigoma watapata wapi taarifa ya usalama kabla ya kupakia, badala ya kutegemea klipu? Rasimu ya barua iko ofisini, atakayetaka kuisoma aje. Watu wa Chuo cha Biashara na wale mnaojua sheria, tusaidieni lugha.

Kuhusu mzigo ulioko Kigoma: wanachama watatu wenye wateja Kigoma mjini na Kasulu wamekubali kuutafutia soko huko kabla ya mwaka mpya, kwa bei ya kununulia, ili stoo isiendelee kula. Milioni 7 za mteja wa Uvira zitahesabiwa ni zake. Mwenzetu amesema hivyo mwenyewe, na sisi tumeziandika. Atakayejua lori linaloshuka kutoka Kigoma tupu wiki hii ampigie mweka hazina.

Ada za Desemba zinapokelewa ofisini hadi Jumanne saa kumi jioni.

Ofisi ya Katibu wa Tawi
Kariakoo, Ilala